Tulimficha Babu Asipigwe na Upepo

Babu yangu mzaa baba alianguka pale mlangoni pa zizi, asubuhi, akiwa anaondoa matawi ya miiba ili ng'ombe watoke. Tawi lilibaki mkononi, yeye akaenda chini taratibu, kama mtu anayekalia kigoda ambacho hakipo. Mimi nilikuwa natoka kisimani na debe kichwani. Nikawaona ng'ombe wanamruka. Kila mmoja alimruka, hata ndama, hakuna aliyemkanyaga. Watu walilisema hilo miaka na miaka, kwamba ng'ombe wake walimjua.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, huku kwetu Iramba, upande wa Kinampanda. Mwaka usiniulize. Shule nimesoma madarasa mawili tu, tena la pili sikulimaliza, maana mama alijifungua nikaitwa nyumbani kulea. Ninachojua, nilikuwa msichana wa kubeba debe zima la maji bila kumwaga, na sijaolewa. Hesabu mwenyewe.

Wanaume walipomgeuza tukaona mdomo umevutwa kwenda kushoto, mkono wa kulia umelala, mguu wa kulia umelala. Anatutazama, anatujua. Anataka kusema, inatoka "a-a-a" basi. Baba yangu hakuwepo, alikuwa ameenda Tanga kukata mkonge, kwa hiyo mkubwa pale nyumbani akawa baba mdogo, mdogo wake baba. Baba mdogo akamwangalia babu, akasema, "Upepo huo. Upepo mbaya umempiga."

Wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakambeba mpaka kwa dresa, yule mtibabu msaidizi wa misheni. Nilifuata nyuma na kibuyu cha maji. Dresa alimshikashika, akamfunulia macho, akamwambia anyanyue mkono. Babu akanyanyua wa kushoto. Dresa akatugeukia.

"Ni kiharusi. Dawa ya kumrudisha kama alivyokuwa, mimi sina. Mpeni uji kidogo kidogo akiwa amekaa. Mgeuzeni asitoke vidonda mgongoni. Na msimwache na mawazo. Mawazo yatammaliza kabla ya ugonjwa."

Maneno mazuri kabisa. Lakini sisi tulivyoyaelewa, jamani! Asipate mawazo, maana yake asione mtu, asisikie neno. Na upepo uliompiga usimrudie. Basi tukamtia kwenye chumba cha ndani kabisa cha tembe, kile cha kuwekea mtama. Kitobo cha mwanga kilichokuwa ukutani tukakiziba kwa matambara, mlangoni tukatundika ngozi ya ng'ombe. Mchana ulikuwa unaingia humo unapapasa. Tukajisifu: upepo hapa hauna njia.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumlisha. Mama hakuweza, maana mama ni mkamwana. Kwetu mkamwana na baba mkwe wake hawakaribiani, sembuse kumfuta mdomo. Mimi mjukuu ni mtani wake. Tangu nikiwa mdogo babu ananiita mke wangu. Nikimpelekea mboga ataonja, ataitazama, atasema, "Mke wangu, hii umeipika au umeitishia moto tu?" Nami namwambia, "Mume wangu, meno yako ndiyo yamezeeka, mboga haina kosa." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kila siku, na sikujua kama ni kitu mpaka yalipokatika.

Watoto wa pale nyumbani waliacha kumwamkia. Si kwa ubaya. Ukimwambia mkubwa shikamoo lazima aitikie, na yeye hawezi, basi wakaona ni kumwaibisha. Wakawa wanapita pale mlangoni kwa vidole vya miguu kama wezi wa kuku.

Maombi aliombewa, hilo nisiseme uongo. Mwinjilisti, mtu mmoja mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alikuja karibu kila jioni. Sisi tulikuwa tumebatizwa, babu hakubatizwa. Mwinjilisti anamwekea mkono kichwani anaomba, anamwambia atubu, babu machozi yanamtoka. Mwinjilisti akafurahi, akidhani ni toba. Mwalimu wa Waislamu kutoka kule madukani, jirani mwema tu, naye akaja, akaleta kombe, aya zimeandikwa kwenye sahani zikaoshwa kwa maji ayanywe. Babu akanywa, akalia. Mganga naye akaja, tukachinja mbuzi mweusi. Babu akalia pia. Dini zote zilipita juu ya kichwa cha yule mzee, na kila moja ilimwacha na shavu limelowa.

Usingizi ukamkimbia. Nikiingia asubuhi nakuta macho yako wazi yanatazama dari. Siku nyingine anapiga bakuli kwa ule mkono mzima, uji unaruka ukutani. Mama anauliza kutoka nje, "Amekula?" Nami nasema, "Ukuta ndio umekula."

Sasa mvua zikawa zinakaribia, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza.

Ngoja niwaambie tulivyokuwa tukifanya, maana siku hizi mnanunua mbegu dukani kwenye mfuko. Zamani mbegu hazikwenda shambani hivi hivi. Mkubwa wa ukoo alichukua kibuyu chenye maji yaliyotiwa unga wa uwele, akasimama mbele ya nyumba jua likichomoza, akajaza mdomo, akapuliza kuelekea jua, halafu akazipulizia mbegu za kila nyumba, na maneno yake. Hiyo ni baraka. Kutemewa na mtu mzima kwetu si tusi, ni kupendwa. Na siyo siku ya mbegu tu. Babu kila asubuhi, kabla hajaonja kitu, alitoka mlangoni na maji kidogo mdomoni, akayapuliza kwa jua, akaomba kwa ajili yetu, kila mtu kwa jina lake. Nilizaliwa nikaikuta hiyo.

Baba mdogo akawaita wazee wawili watatu wa ukoo. Wakaketi upande wa pili wa ile ngozi ya mlangoni, wakazungumza kama vile aliyelala ndani ni kiziwi.

"Mwaka huu nitabariki mimi," baba mdogo akasema.

Mzee mmoja akaguna. "Na mwenyewe yuko hai?"

"Yuko hai, lakini mdomo gani ule? Mdomo uliopinda utatoa baraka iliyopinda. Mnataka uwele uote umelala? Na mkono atakaoshikia kibuyu ni upi, wa kushoto? Nani amewahi kubarikiwa kwa mkono wa kushoto?"

Waliogopa njaa, si yeye. Wakakubaliana siku ya mbegu iwe mwezi ukiandama.

Nilikuwa ndani nimeshika bakuli. Babu alisikia kila neno. Kwetu kibuyu kikitoka mikononi mwa mtu na bado anapumua, ni kama mmemchimbia kaburi na kumwambia asubiri pembeni. Aligeuza uso ukutani. Kuanzia siku hiyo hakula.

Siku ya kwanza nikasema hasira. Siku ya pili nikabembeleza, nikaimba, nikatukana kidogo. Siku ya tatu nikapeleka kijiko mdomoni, akafunga midomo ile, kuu! Nikasukuma, haifunguki. Nikajaribu upande, hakuna. Basi hasira ikanipanda mpaka masikioni, nikaweka bakuli chini, nikamwambia, "Wee mzee! Mdomo unaoweza kuzuia kijiko changu unashindwaje kuzuia maji?"

Nilivyolisema ndivyo nilivyolisikia. Na yeye akanigeukia.

"Babu," nikasema, "kesho tunatoka. Jua utalifuata mwenyewe."

Hakuitikia, ataitikiaje. Lakini lile jicho la kushoto, nawaambia, lilinishika mpaka natoka.

Kulipopambazuka niliivua ile ngozi mlangoni. Babu alikuwa amelalia ngozi nyingine, kubwa, ya dume. Nikaikamata ncha ya kichwani, nikaanza kuvuta kinyumenyume. Mtu mzima mzito, jamani, hata akiwa hajala! Tulipita chumba cha mitungi, tukapita jikoni, kuku wanakimbia, mimi natoa jasho, babu amelala chali anatazama dari inavyopita. Mama akatokea.

"Wee mtoto! Unampeleka wapi baba mkwe wangu? Upepo! Upepo utammaliza!"

"Upepo ulishampata, mama. Sasa apate na jua."

"Mrudishe! Mrudishe ndani!"

Lakini hakuja kunishika. Babu alikuwa kifua wazi, na mkamwana hamsogelei mkwe wake hivyo, hata nyumba ikiungua. Akabaki amejiziba uso kwa khanga anapiga kelele ndani ya khanga. Siku hiyo mila ilinisaidia.

Nikamketisha mlangoni, mgongo ukutani. Miezi miwili hajaona kitu chenye rangi. Jua likachungulia juu ya miti ya minyaa, likampiga usoni, akafumba macho, akafumbua. Nikamtia maji mdomoni kwa kata. Akajaza mashavu. Akapuliza.

Maji yote yakashuka kidevuni upande wa kulia, yakaingia kwenye ndevu, yakaingia kitovuni. Akaanza kulia. Nikamwambia, "Lia baadaye. Tena!" Ya pili yakaniangukia mimi magotini. Ya tatu yakampata jogoo. Yule jogoo alishtuka akaruka juu ya kinu akawika kama anatusema, na mimi nikacheka nikakaa chini, nikashindwa kusimama. Nikasikia sauti pembeni yangu, "hu, hu, hu," kama bundi. Nikageuka. Babu anacheka. Nusu ya uso inacheka, nusu inasubiri.

Asubuhi hiyo alikunywa uji, nusu bakuli.

Tukafanya hivyo kila siku; mama alichoka kupiga kelele, baba mdogo akasema ni mchezo wa mtoto. Nikagundua kwamba upande wa kulia ndio unaovuja, basi nikamchukua mkono wake mzima nikamwonyesha: shika shavu lako hapa, bana. Akibana, maji yanakwenda. Siyo mbali, lakini yanakwenda. Na jambo jingine likatokea ambalo mpaka leo nikilisema nywele zinanisimama. Babu alikuwa hawezi kusema "maji," hawezi kusema "njaa," hawezi kuniita mke wangu. Lakini akishapuliza, anatazama jua, na maneno ya maombi yake yanaanza kutoka. Kwanza mlio tu, ule mwendo wake, tunaujua. Siku ya tano au ya sita likatoka neno. "Mvua." Limepinda, lakini mvua. Kesho yake, "mvua, watoto." Nikimwambia sema "uji," anatoa "a-a." Nikimwacha aombe, anasema. Kumbe maneno mengine yalikuwa yamepotea, haya yalikaa ndani zaidi.

Mwinjilisti akatukuta. Alikuwa anapita mapema kwenda kufundisha. Akasimama na Biblia yake kwapani, akamwangalia babu anavyopuliza.

"Mnafanya nini hapa?"

"Shikamoo, mwalimu. Babu anaomba."

"Marahaba. Anamwomba nani? Jua?"

"Muulize mwenyewe."

"Hawezi kusema."

"Basi hata sisi wawili hatujui, mwalimu."

Wee, nilidhani atanipiga kofi. Mtoto wa kike kumjibu mwinjilisti! Mama kule ndani alishasema "Mungu wangu" mara tatu. Lakini yule mtu alichuchumaa. Babu naye alikuwa katika kutaja, "mvua, watoto," anarudia, na kila akirudia anamtazama mmoja wetu. Akamtazama na mwinjilisti. Akajaza mdomo, akabana shavu, akampulizia kwenye magoti.

Mwinjilisti hakuyafuta. Akasema polepole, na yeye sauti yake haijui polepole, "Nimemwekea mkono siku nyingi, kila siku analia. Leo amenibariki yeye, na halii." Akaenda zake kazini na suruali imelowa.

Asubuhi iliyofuata nilipokuwa navuta ngozi nikasikia imekuwa nyepesi. Nikaangalia. Mwinjilisti amekamata ncha ya miguuni, Biblia ameiacha juu ya kinu. Tangu hapo tulikuwa wawili. Akija anaomba yake, kwa sauti ya chini, babu ananyamaza. Halafu babu anaomba yake, mwinjilisti ananyamaza. Hakumwambia tena atubu. Na babu akaanza kulala usingizi. Uji akawa anaumaliza, na ukichelewa anagonga bakuli chini.

Mwezi ukaandama.

Siku ya mbegu watu walijaa mbele ya nyumba kabla hakujapambazuka vizuri, kila mama na kikapu chake, uwele huku, mtama huku. Baba mdogo amejifunga shuka mpya, amesimama pale pa babu, kibuyu anacho mkononi. Mimi na mwinjilisti tukatoka na ngozi yetu. Watu wakapisha. Wengi walikuwa hawajamwona babu tangu aanguke, walidhani ni maiti inayopewa uji. Tukamwinua, akasimama mguu mmoja kwa nguvu, mwingine kwa heshima, mwinjilisti amemshika kiunoni.

Baba mdogo akasema, "Baba, pumzika. Hii kazi ni nzito."

Babu akanyoosha mkono wa kushoto.

"Mnaona?" baba mdogo akawageukia watu. "Kushoto! Anataka kutubariki kwa mkono wa kushoto. Mimi sina ugomvi na baba yangu, lakini watoto wenu watakula nini?"

Minong'ono ikapita. Hapo nikaona kila kitu kinaondoka, siku zote zile, na babu akirudi mle ndani safari hii hatoki. Nikaenda, nikauchukua ule mkono wake wa kulia uliolala, mzito kama wa mtoto aliyesinzia, nikaunyanyua, nikauweka juu ya kibuyu, na nikaubana hapo kwa mikono yangu miwili.

"Huo hapo wa kulia," nikasema.

"Ondoka wewe! Nani amekwambia mtoto wa kike anashika kibuyu?"

"Sijashika kibuyu, baba mdogo. Nimeshika mkono wa babu."

Wazee wakatazamana. Yule aliyeguna siku ile akaguna tena, safari hii kwa namna nyingine. Akasema, "Mkono wa kulia upo. Mwachie."

Baba mdogo hakuachia. Akavuta kidogo, mimi nikabana, babu naye akainamisha kichwa akajaza mdomo hapo hapo, kibuyu kikiwa katika mikono ya watu watatu. Akainuka. Akaweka mkono wake wa kushoto shavuni, akabana. Jua lilikuwa linatoka. Akageuka kulifuata, akapuliza kwa nguvu ambayo sijui ilitoka wapi, na maji yakatoka kwa upande, kama mdomo ulivyokuwa, yakamjaa baba mdogo usoni na kwenye ile shuka mpya.

Kila mtu akamtazama baba mdogo. Hata watoto wa mgongoni.

Mke wa baba mdogo, mwanamke mwenye maneno yule, akasema kwa sauti kutoka nyuma, "Pokea, baba watoto! Ameanza na wewe!"

Watu walicheka, mama nikamsikia anacheka ndani ya khanga yake, na babu akaanza lile hu-hu lake. Baba mdogo alisimama na unga wa uwele kwenye nyusi. Nilimwona anafikiri. Akiyakataa maji hayo, amekataa baraka ya baba yake mbele ya ukoo mzima. Akaachia kibuyu. Akajipaka yale maji kifuani kwa kiganja, kama inavyotakiwa, akapiga magoti.

Tukapita kikapu kwa kikapu. Mimi na mkono, mwinjilisti na kiuno, babu na mdomo. "Mvua. Watoto." Kikapu cha mwisho akaongeza neno ambalo hatukulielewa, na hakuna aliyeuliza.

Watu wakaona hiyo haitoshi. Wakaanza kuleta watoto wachanga, mwingine akaleta mbuzi mwenye mimba, mwingine shoka. Wakapanga mstari pale mlangoni. Babu alibariki akabariki, mpaka nikaona mguu unatetemeka, tukamketisha. Mama mmoja bado anasukuma mtoto wake mbele, "Huyu tu, babu, huyu tu."

Babu akanitazama. Uso umekunjamana ule upande mzima, kama enzi za mboga isiyoiva.

"Basi," akasema.

Safi kabisa, bila kupinda. Halafu, kama mtu anayegombeza mkewe, "Uji."

Nikawageukia wale watu nikawaambia waende nyumbani, warudi kesho jua likichomoza. Nikakimbia jikoni.